Mabaka kwenye Bunduki ya Baba

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikusanyika uani kwetu Mukuju kumtaja mrithi. Walimvika mdogo wangu wa kiume koti la Baba, wakamkalisha kwenye kiti cha Baba, wakampa mkuki wa babu yetu, halafu mmoja wao akasema kwa sauti, "Na bunduki ni yako." Bunduki yenyewe haikuwapo. Ilikuwa imepelekwa polisi Tororo tangu wiki ya msiba, kama sheria inavyotaka mwenye leseni akifa. Lakini ilitajwa pale kana kwamba imelazwa mkekani, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa jikoni, nasonga ugali wa wimbi kwa ajili ya wazee hao hao.

Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Baba alinipata miaka mingi kabla ya mdogo wangu, na katika miaka hiyo, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kumfuata, alinichukua mimi. Tulikuwa tukishuka bondeni alfajiri, kwenye mafunjo, ambako nguruwe pori walikuwa wakijificha mchana na kupanda usiku kuja kuchimbua mihogo ya watu. Majirani walikuwa wakimwita Baba kama wanavyomwita fundi. Alikuwa na bunduki ya zamani ya kuwindia aliyoinunua kutoka kwa bosi mmoja wa kiwandani Tororo aliyekuwa akihama, na alikuwa na leseni yake, na kila mwaka aliipeleka kukaguliwa akiwa amevaa shati la kwenda kanisani. Nilibeba mfuko wa risasi. Baadaye alinifundisha kulenga. Nguruwe wangu wa kwanza nilimpiga nikiwa bado msichana wa shule, na Mama alikataa kumpika mpaka Baba aliposema kwamba ni yeye aliyempiga.

Jumapili baada ya misa, Baba aliketi barazani na kitambaa na chupa ya mafuta ya kitani, akaipaka mbao ya kitako cha bunduki. Hakutumia brashi. Alimimina tone kiganjani, akasugua mpaka mbao ikapata joto, akamimina jingine. Mbao hiyo ilikuwa na mistari kama maji yanayopita juu ya mchanga, na kadiri miaka ilivyokwenda ilizidi kuwa nyeusi, kama chai inayoachwa jikoni. Mahali alipokuwa akiegemeza shavu palikuwa peusi zaidi kuliko pengine pote. Alipoona nina mikono mitulivu alinipa kazi hiyo. Aliniambia mbao ile haitaki rangi, inataka mafuta tu. Nadhani kupenda kwangu kazi ya rangi kulianzia hapo, kwenye kitu ambacho hakikutakiwa kupakwa rangi.

Sasa ndiyo kazi inayonilisha. Ninaishi Busia upande wa Uganda, na asubuhi navuka kwenda upande wa Kenya, ambako nina kibanda karibu na mahali malori yanapopanga foleni. Ninaandika milango ya malori, mabango ya hoteli, majina ya saluni, picha za kuku kwenye kuta za maduka ya dawa za mifugo. Dereva akisubiri karatasi zake forodhani, mimi namchorea simba kwenye mlango. Watu wamezoea kumwona mwanamke akiwa juu ya ngazi na makopo kiunoni.

Mdogo wangu alipata leseni baada ya kuzungushwa sana. Alikuwa na duka dogo la simu pale Mukuju, na hakuwahi kuwinda hata kanga. Siku aliyokabidhiwa bunduki alipiga picha nayo, akiwa amevaa miwani ya jua, akaiweka kwenye simu ili dunia nzima ione. Nguruwe waliendelea kula mihogo. Niliamua kwamba yaliyopita yamepita na kwamba mimi nina kibanda changu.

Kisha akanipigia. "Dada, njoo nyumbani Jumamosi. Kuna kazi ya mikono yako, na uje na rangi za kupuliza. Kijani, kahawia, ile ya mchanga, na nyeusi. Zisizong'aa."

Nilidhani ni za pikipiki.

Nilipofika nilikuta bunduki iko juu ya meza ya chakula, na pembeni yake simu inaonyesha video ya mzungu mmoja akiwa kwenye gereji ya nyumba yake, anapaka kitako cha bunduki yake mabaka ya kijani na kahawia. Mdogo wangu alikuwa ameitazama mara nyingi, maana alijua mzungu atasema nini kabla hajasema.

"Nataka hivi hivi," akasema. "Wawindaji wa kweli wote wanapaka. Mnyama hakuoni."

"Wewe unawinda mnyama gani?" nikamuuliza.

"Dada, usianze."

"Hii mbao haipakwi rangi. Unajua Baba aliipaka mafuta miaka mingapi?"

"Baba amekufa. Bunduki ni yangu."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekukumbusha jina la siku. Nikamwambia nina kazi Busia, nikachukua mfuko wangu. Ndipo Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni anabambua karanga, akaniita kwa lile jina la utotoni ambalo hulitumia akiwa na shida.

"Msaidie mdogo wako," akasema. "Tangu awe mrithi watu wanamcheka. Wanasema amevaa koti kubwa. Mfanyie kitu apendeze."

"Mama, hii rangi ni ya wanajeshi. Mwenye sare ya mabaka akiwa raia anakamatwa. Sasa bunduki?"

Mdogo wangu akadakia. "Nimeshauliza polisi. Nilikwenda mwenyewe. Wamesema kitako ni mbao tu, hakuna shida."

"Uliuliza nani?"

"Afande wa pale. Dada, unadhani mimi mtoto?"

Nilimtazama Mama. Mama alinitazama mimi. Nikaweka mfuko chini.

Kwanza nilihakikisha haina risasi, maana yeye hata hakuwa ameangalia. Kisha nikaifungua. Alikuwa hajui ni skrubu zipi zinazoshikanisha chuma na mbao, nikamwonyesha, akasema "ah, kumbe" akaendelea kutazama simu. Nilibaki na kitako peke yake mapajani, nikiwa nimeketi uani kwenye kigoda, na Mama karibu yangu na ungo wake wa karanga. Nikaanza kukwangua.

Rangi haishiki juu ya mafuta, kwa hiyo lazima uyatoe yote. Nilipitisha tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, kwa kitambaa, na kitambaa kikatoka cha rangi ya hudhurungi. Nikachukua msasa. Mafuta ya Baba yalikuwa yameingia ndani sana; msasa uliziba kila mara, nikautupa, nikachukua mwingine. Vumbi lililotoka halikuwa vumbi kavu. Lilikuwa zito, lilishika vidoleni, na lilinuka vile viganja vya Baba vilivyokuwa vikinuka Jumapili jioni anapokuwa ananipa sahani. Nilipofika pale pa shavu nilisimama. Nikaenda kunywa maji. Nilirudi nikapakwangua pia, kwa sababu ukiacha sehemu moja rangi yote itabanduka, na mimi sijui kufanya kazi vibaya kwa makusudi. Nilijaribu siku hiyo, nikashindwa.

Mama alisema, "Unalia?"

"Ni tina, Mama."

Akaendelea na karanga zake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Nilipuliza rangi ya mchanga kwanza, nikaacha jua liikaushe. Nilishuka bondeni mwenyewe nikachuma majani ninayoyajua, nyasi ndefu, majani ya mafunjo, na yale yenye meno kama msumeno yanayoota karibu na maji. Niliyalaza juu ya mbao, nikapuliza kahawia, nikayainua, nikayalaza kwa upande mwingine, nikapuliza kijani. Nyeusi nilitumia kidogo, kwa mbali, kama kivuli. Mzungu wa kwenye video alitumia karatasi iliyokatwa dukani. Kazi yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, na ninasema hivyo bila haya. Ilipokauka na kurudishiwa chuma chake, ukiilaza kwenye majani ya ukingo wa bonde ilibidi uitafute. Mama aliweka mkono mdomoni. Mdogo wangu alinikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msibani.

Nilirudi Busia nikiwa na uchungu na fahari pamoja, na sikujua kipi nikitoe kwanza.

Bunduki ilikaa hivyo mpaka wakati wa ukaguzi. Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi, naandika jina la hoteli, simu ikalia. Alikuwa Mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo Tororo, polisi. Njoo sasa." Nilidhani mdogo wangu amejipiga risasi. Niliacha jina la watu nusu, nikashuka, nikavuka mpaka na mikono yenye rangi nyekundu, nikachukua gari.

Niliwakuta kwenye chumba cha ofisa wa silaha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na bunduki ya Baba ilikuwa mezani mbele yake. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na ukuta. Mama alikuwa kwenye benchi, amevaa gomesi yake ya kanisani.

"Wewe ndio dada?" yule afande akaniuliza kwa Kiswahili cha askari wa kwetu. "Keti. Hii bunduki alipaka nani?"

"Nilipaka mimi, afande."

"Unajua hii rangi iko ya nani?"

"Ya jeshi."

"Unajua, na bado ulipaka. Raia tukimkuta na kofia ya mabaka tu, tunaweka yeye ndani. Sasa wewe umepaka silaha. Mtu akisimama na hii barabarani usiku, nani atajua ni raia? Nani alikutuma?"

Nilielekeza kidole kwa mdogo wangu. Sikuona sababu ya kufanya vingine. Lilikuwa jambo lililofanyika mchana, uani, mbele ya mama yetu.

"Alinituma yeye. Aliniambia amewauliza ninyi hapa mkamruhusu."

Afande akageuka. Na mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akasema hivi, na sijasahau hata neno, "Afande, mimi nilimpa aisafishe tu. Yeye ni mtu wa rangi. Nilipokuja kuichukua nikakuta ameshafanya alivyotaka. Nilikasirika, lakini ni dada yangu mkubwa, ningefanya nini?"

Nilicheka. Nilidhani mtu akisikia uongo kama huo chumba kizima kitacheka. Hakuna aliyecheka.

Afande akamgeukia Mama, akabadilisha sauti, akawa mpole. "Mama, hii kazi ilifanyika kwako nyumbani?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwepo? Uliskia kijana anatuma dada yake?"

Mama aliitazama mikono yake. Nje kuna askari alikuwa anaosha pikipiki, na maji yalikuwa yanapiga kwenye bati.

"Mimi nilikuwa shambani," akasema.

"Hukuona kitu?"

"Sikuona."

"Mama!" nikasema. Nikalisema tena kwa lugha yetu ya nyumbani, lile neno linalomaanisha mama yangu mimi, si mama wa mtu mwingine. Hakuinua uso. Afande alivua miwani akanitazama muda, akatazama mikono yangu yenye rangi nyekundu ya hoteli ya watu. Nadhani hakuwaamini. Lakini alikuwa na watu wawili wanaosema neno moja, na mmoja anayesema jingine, na huyo mmoja ndiye aliyekiri kushika kopo. Alisema leseni inafutwa na bunduki inabaki pale. Kijana ataandikisha maelezo aende nyumbani. Mimi nitabaki mpaka waulize zaidi.

Mama aliondoka ameshikwa mkono na mwanawe. Mlangoni alisimama kidogo, nikadhani atageuka. Alikuwa anavaa ndala.

Mle mahabusu nilikuta wanawake waliokamatwa kwa mambo ya mpakani, sukari na mafuta na vitenge. Mmoja, mama mkubwa wa Busia niliyewahi kumwona sokoni, aliniuliza kosa langu. Nilipomwambia bunduki, walicheka wote, na mimi nikacheka nao. Kisha nikasimulia. Nilipofika pale Mama aliposema sikuona, yule mkubwa akasogea akanipa nusu ya leso yake nilalie. Hakunipa pole. Alisema tu, "Lala. Kesho utafikiri vizuri."

Aliyenitoa si ndugu. Ni mwenye nyumba ninayopanga Busia, mjane, ambaye alisikia kutoka kwa watu wa hoteli kwamba niliacha kazi nusu nikakimbia. Alikuja na mwenyekiti wa mtaa wetu, wakanidhamini. Niliitwa tena mara kadhaa, nikaripoti, nikajibu maswali yale yale. Mwishowe yule afande mwenye miwani aliniita peke yangu, akanionya, akanisainisha onyo, akaniambia kesi haiendi mahali. Nilipofika mlangoni akasema, "Mimi pia niko mtoto wa kwanza kwetu." Nikamwambia asante, afande.

Kule nyumbani habari ilifika kwa njia yake. Ilisemwa kwamba niliipaka bunduki rangi ya jeshi makusudi, kwa wivu wa urithi, ili mdogo wangu afungwe. Wapo walioongeza kwamba nilikwenda mwenyewe kumchongea polisi. Mzee mmoja wa ukoo, yule aliyesema na bunduki ni yako, alinipigia simu kunishauri nimwombe mdogo wangu msamaha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza kama aliwahi kuiona ile bunduki ikiwa na mbao yake, kabla ya rangi. Akasema hakumbuki.

Nguruwe walipata habari pia. Wakati wa mihogo kukomaa walipanda kutoka bondeni bila woga, wakachimbua shamba la Mama mistari mizima. Hakukuwa na mtu wa kuwapiga. Mama alituma ujumbe kupitia kwa jirani anayekuja Busia sokoni, kwamba njaa inakuja na mgongo unamuuma. Nilikaa na ujumbe huo siku kadhaa. Kisha nikaenda, nikiwa na dawa ya mgongo na mfuko wa unga.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anamenya mihogo aliyookota, ile iliyoumwa nusu, anakata palipo na alama za meno na kutupa. Nilichukua kisu nikakaa upande wa pili. Tulimenya muda mrefu. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitaanza mimi.

"Unanikasirikia," akasema hatimaye.

"Ulikuwa unabambua karanga, Mama. Uliniuliza kama nalia."

"Najua nilipokuwa."

"Basi kwa nini?"

Aliweka muhogo kwenye beseni. Alijibu taratibu, kama mtu aliyelifikiria neno hilo kila siku, akaona ni sahihi. "Wewe una nguvu ya kubeba. Una kazi ya mikono, ungelala mle ungetoka, ungeendelea. Yeye hana kitu. Ana jina la baba yako tu. Wangemfunga yeye, jina la baba yako lingekwenda jela."

"Na mimi nina jina la nani?"

Alichukua muhogo mwingine. Nilisubiri. Kuku walikuja kudonoa maganda, akawafukuza kwa mkono, wakarudi. Niliona kwamba hakuwa anatafuta jibu. Kwake swali lenyewe halikuwa na maana. Hapo ndipo kitu fulani ndani yangu kilipokata tamaa. Hasira ningeweza kuivumilia. Kilichobaki baada ya hasira ndicho kigumu, kwamba mama yangu ananipenda, na ananipenda hivyo.

Mchana nilimsaidia kuchimba mtaro na kupigilia miti ya miiba upande wa bonde. Hautazuia nguruwe mwenye njaa, tulijua wote wawili. Nilipokuwa nanawa ili niondoke, mdogo wangu alifika na pikipiki. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile ya polisi. Nilikuwa nimepanga maneno, usiku mwingi nimeyapanga. Yeye alishuka akatabasamu kama mtu aliyetuona jana.

"Dada! Umekuja? Karibu nyumbani."

Alinikaribisha. Uani kwa baba yangu, nikiwa na matope ya shamba la mama yangu magotini, alinikaribisha kama mgeni. Na kabla sijapata neno, akasema, "Vizuri umekuja. Nimepata chumba kikubwa cha duka pale senta, sina bango. Nataka simu kubwa, iandikwe vizuri, na rangi zinazoonekana mbali. Wewe ndiye fundi."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya karanga.

"Njoo Busia," nikamwambia. "Upange foleni na wenye malori."

Alicheka sana. Alidhani ni utani. Mama naye alicheka, kwa nafuu, kwa kuwa watoto wake wanataniana tena. Nilivaa viatu, nikaweka kisu changu kwenye mfuko, nikamwambia Mama namna ya kunywa dawa, mbili asubuhi, mbili jioni, baada ya chakula. Nilitembea mpaka barabarani bila kusindikizwa.

Bango hilo lipo. Alichorewa na kijana wa Nagongera. Herufi zinapanda kulia na simu inafanana na kipande cha sabuni. Nimelipita mara moja, nikiwa ndani ya gari, na niligeuza shingo kulitazama mpaka likapotea.